Kaole: Bahari Imeondoka, Heshima Imebaki

Mfanyakazi wa Chang'ombe aliyeshinda juma zima katika mngurumo wa viwanda, ifikapo Jumapili hutamani upepo wa pwani. Wengi huishia ufukweni, wakaogelea na kunywa madafu. Si vibaya. Lakini mwendo wa basi wa kilometa 70 hivi hadi Bagamoyo, kisha kilometa 5 kuelekea kusini, huifikisha familia Kaole, pwani ya namna nyingine.

Hapo upo msikiti wa karne ya 13, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa halipo tena. Kandokando yapo makaburi, baadhi yakiwa na nguzo za mawe zilizopambwa zamani kwa bakuli za kaure kutoka China. Nguzo za aina hiyo zipo pia Kunduchi, nazo ni ufundi wa Waswahili wenyewe. Mwaka 1958 mtaalamu Neville Chittick alifukua magofu haya.

Mgeni akiambiwa kuwa hapa palikuwa bandari hushangaa, maana mbele yake haoni maji bali msitu wa mikoko. Mikoko ilistawi katika matope, njia ya vyombo ikaziba, na biashara ikahamia Bagamoyo.

Hata hivyo, watu hawakupasahau. Katika kaburi la Sharifa, mwanamke aliyesifika kwa ucha Mungu, wapo wafikao hadi leo kuomba dua na kuweka nadhiri. Lipo pia kaburi ambalo husimuliwa kuwa ni la mtu na mkewe waliozama pamoja baharini.

Huko Japani, katika pwani ya Futami, miamba miwili iitwayo mume na mke imeunganishwa kwa kamba nene ya mabua ya mpunga. Kamba hiyo huoza kwa mawimbi, na mara kadhaa kwa mwaka waumini hukusanyika kufunga mpya.

Kaole haina kamba ya kubadilishwa. Jiwe lake likibomoka halichipui kama mkoko. Basi, ndugu mzazi, waeleze watoto kabla ya kufika: wavae kwa staha, wasipande juu ya makaburi, wala wasitie kigae mfukoni. Kwa vigae kama hivyo wataalamu hutambua umri wa mji. Kikishaondolewa mahali pake, hakisemi tena.