Ngozi Iliyogeukia Ndani

Kivimbe cha kawaida cha ngozi kikikatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini, kinachoonekana ni ngozi. Ni ile ile ya shavuni na mgongoni: seli changa zimejipanga chini, za makamo katikati, na zilizokwisha kazi juu, zimekauka na kuwa keratini. Tofauti ni kwamba ngozi hii imejikunja ikawa mfuko, na upande ambao ungetazama jua unatazama gizani. Kazi yangu ni kusoma slaidi za vinyama vinavyoletwa maabara kutoka chumba cha upasuaji. Vivimbe vya namna hii ni vingi na majibu yake huandikwa upesi. Mimi bado hukaa navyo kidogo, maana vimenifundisha mambo kuhusu watu ambayo saratani, kwa ukali wake wote, haikunifundisha.

Ngozi hupukutika daima. Seli huzaliwa katika safu ya chini kabisa, husukumwa juu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, hujaa keratini, hufa, kisha huondoka. Nyingine na dodoki, nyingine hubaki kwenye shuka. Sasa chukua mdomo wa kinyweleo, pale unywele unapochomoza. Ukizibika, au jeraha likisukumia kipande cha ngozi ndani, seli zake haziachi kazi. Zinazaliana, zinakomaa na kufa kama zilivyoumbwa, ila hazina pa kuangukia. Keratini hujilundika katikati ya mfuko, utando juu ya utando, ikiachana kama chapati iliyosukumwa vizuri. Wengi hudhani ule uji mzito mweupe wenye harufu ni mafuta au usaha. Ni ngozi iliyokufa kwa wakati wake ikakosa njia ya kutokea.

Kwa vidole hujulikana hivi: ni cha mviringo, kigumu kiasi, hakiumi, kinateleza juu ya nyama iliyo chini yake lakini kimeshikamana na ngozi mahali pamoja, na mara nyingi mahali hapo pana kitone cheusi. Kitone hicho ndicho mdomo wa kinyweleo. Hukaa usoni, shingoni, nyuma ya sikio, kifuani na mgongoni, kikikua taratibu kwa miaka. Vile vipunje vyeupe vya nyusoni mwa watoto wachanga ni ndugu zake wadogo, vya milimita moja au mbili, na huondoka vyenyewe baada ya majuma machache. Mama asivitumbue kwa sindano.

Vya kichwani ni ukoo mwingine. Huanzia ndani zaidi ya kinyweleo, na kiasi cha asilimia 90 huota kwenye ngozi ya kichwa. Kitone cheusi hakionekani. Katika slaidi ya kivimbe cha usoni, karibu na keratini pana tabaka la seli zenye chembechembe za buluu iliyokoza. Katika cha kichwani tabaka hilo halipo. Seli hunenepa, hupauka, kisha hugeuka ghafla kuwa keratini nzito ya waridi isiyo na matabaka, na pengine chokaa huingia ndani yake. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi hurithiwa: kila mtoto wa mzazi mwenye navyo huwa na uwezekano wa nusu kwa nusu.

Shangazi yangu alikuwa navyo, na mama yake kabla yake. Nyumbani hakuna aliyevizungumza. Alikuwa na msusi mmoja tu, mwanamke wa mtaani kwao, aliyemsukia chumbani mlango ukiwa umefungwa, na msusi huyo alipohama, shangazi akaacha kusuka kabisa. Mtandio haukumtoka kichwani hata mbele ya wanawe. Alikuwa na hakika kwamba vile vinundu ni mwanzo wa kitu kibaya, na kwamba kisu kitakiamsha. "Mwanangu," aliniambia, "kitu kilichotulia kiache kitulie."

Sikumlaumu, kwa sababu woga huo uliwahi kuwa na haki yake. Mfalme George wa Nne wa Uingereza alikuwa na kivimbe cha namna hii kichwani, na aliyekitoa ni Astley Cooper, daktari wa upasuaji aliyepewa cheo cha baroneti mwaka 1821. Ganzi ya etha ilionyeshwa hadharani mwaka 1846, na Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867. Maana yake mfalme alikatwa akiwa anasikia kila kitu, na chale ndogo ya kichwani ingeweza kuoza na kumuua. Watu wa wakati ule walikuwa na sababu ya kuficha. Shangazi alikuwa na sindano ya ganzi umbali wa nauli ya daladala.

Kilichomtoa nyumbani ni maumivu. Kimoja kilijigonga kwenye kabati, kikawa chekundu, cha moto, kikamnyima usingizi. Watu wengi wakiona hivyo husema ni jipu, wakakamua. Ningeomba wasikamue. Mara nyingi hakuna vijidudu vya maana pale. Ukuta wa mfuko umechanika na keratini imemwagika kwenye nyama ya jirani. Chini ya hadubini ni mandhari ya vita: chembe nyeupe zimekuja mbio, na nyuma yake seli za ulinzi zimeungana zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi, ikijaribu kumeza kitu ambacho mwili ulikitengeneza wenyewe. Keratini ile ile iliyokaa miaka bila kumdhuru mtu, ikivuka ukuta, mwili hauitambui tena.

Nimewaza sana juu ya jambo hili nikiwa kwenye misiba na vikao vya ukoo. Kuna watu waliofanya kila walichopaswa kufanya, wakalea, wakavumilia, wakanyamaza kwa heshima, na hakuna aliyewapa mahali pa kuyatoa yale yaliyobaki. Kisha siku moja mtu anawabonyeza mbele ya wageni ili waseme, na yanapomwagika tunawashangaa wao. Daktari mzuri hakibonyezi kivimbe kilichowaka. Hukituliza kwanza, hata kwa majuma kadhaa, ndipo akitoe pamoja na ukuta wake wote, kwa sababu akiacha kipande cha ukuta kitajaa upya. Kukamua humpa mkamuaji nafuu ya kuona kitu kimetoka.

Shangazi aliporudi kutolewa vyote, kimoja kiliteleza kutoka kwenye chale kikiwa kizima, cheupe na laini. Vya kichwani vina ukuta mnene, mara nyingi hutoka hivyo. Aliomba aone slaidi. Nilimpa kiti changu. Aliuliza kama rangi zile tumezipaka sisi, nami nikamwambia ndiyo: zambarau imetokana na mti wa Amerika ya Kati, na ya waridi inaitwa eosini. Akatazama kwa muda mrefu. "Sasa kibaya kiko wapi?" Nikamwambia hakipo. "Basi nilikuwa naificha ngozi," alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira kuliko furaha. Niliielewa hasira ile.

Lakini kuna upande wa pili, nao unanikera zaidi. Mtu anayesema "ni kijinundu tu, kitupe" hajatazama, sawa na yule anayeficha kwa hofu. Si kila kinachoteleza chini ya vidole ni hiki. Kinundu cha mtoto mwishoni mwa nyusi, kilichokuwepo tangu kuzaliwa, kinaweza kuwa na nywele na tezi za mafuta katika ukuta wake, na kikiwa katikati ya pua huenda kina njia inayofika hadi ndani ya fuvu, hivyo picha hutangulia kisu. Kijana mwenye vivimbe vingi pamoja na manundu ya mifupa ya taya apimwe utumbo mpana, kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi unaoleta vyote hivyo pamoja na vinyama vya utumboni vinavyogeuka saratani. Na kwa mtu mwenye ualbino anayeishi chini ya jua letu, kinundu au kidonda kipya cha ngozi kisichukuliwe kwa mazoea hata siku moja.

Familia nyingi huambiwa kipimo cha kinyama kina gharama yake, na kwa kuwa uvimbe umeshatoka, wanaona pesa hiyo itumike kwa nauli ya kurudi nyumbani. Nawaelewa. Ila kinapofika kwangu, karatasi huwa imeandikwa "uvimbe, mgongoni" na basi. Naomba mwenye kisu aniandikie umri wa mgonjwa, kimekaa muda gani, kama kilikuwa na kitone, kama kiliwahi kuwaka, na kama nyumbani kwao yuko mwingine mwenye nacho.