Mgeni wa Barabara ya Pugu

Mwanangu, ninyi mnaoajiriwa siku hizi mnatambulishwa kwa picha na wasifu kwenye kundi la WhatsApp, watu wanapiga makofi ya kidole, na kabla ya chai ya saa nne habari imekwisha. Mwaka 1999 mimi nilikuwa kwenye kampuni ya kusambaza dawa, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, hiyo ambayo leo mnaiita ya Nyerere. Stoo yetu ilinuka vitamini B na vumbi chungu la klorokwini, ambayo bado ilikuwa ndiyo dawa ya kwanza ya malaria nchini. Juu ya stoo kulikuwa na chumba cha kompyuta: baridi ya kiyoyozi, harufu ya utepe wa wino, na printa iliyolia kutwa kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Dola moja ilikuwa ikikaribia shilingi 800. Wali maharage wa mama ntilie pale getini ulikuwa shilingi 300, na mwenye njaa akiongezewa mchuzi bure.

Ndipo akaletwa binti mmoja, mwandishi wa programu, mwembamba, faili amelikumbatia kifuani. Meneja alitukusanya akasoma vyeti vyake kimoja baada ya kingine, sisi tukitazama viatu vyetu. Mwaka ule dunia nzima ilikuwa na hofu ya kompyuta, kwamba ikifika 2000 zitachanganyikiwa, kwa sababu waandishi wa zamani walibana nafasi wakaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Binti ameletwa aitibu programu yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Lakini wenyeji wengine pale walikuwa wakijiuliza kama mgeni huyu hakuja kula ugali wao.

Aliyemtambulisha hasa ni mama wa chai. Alimshika mkono akamzungusha jengo zima, akamfikisha kwa mzee wa stoo, aliyekuwa amekaa juu ya katoni na miwani yake iliyofungwa uzi. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti, karibu." Mama wa chai akamwambia, "Mwanangu, huko juu kuna mashine. Ukitaka kuijua kampuni, muulize huyu." Binti akavuta katoni, akauliza mzigo unapokelewaje. Mzee akamweleza bila kupepesa macho: tangu zianze kuingia dawa za kuisha muda mwaka 2000 na kuendelea, kompyuta ilikuwa inazikataa. Programu yetu, iliyoandikwa kwa Clipper, ilisoma 00 kuwa 1900, ikaona dawa mpya imeoza miaka mia iliyopita. Lori linangoja, wapakuzi wanataka posho yao, mzee afanyeje? Kila dawa ya namna hiyo aliiandikia Desemba 99 ili ipite, na tarehe ya kweli akaiweka kwenye kaunta buku lake, kwa kalamu nyekundu.

Huko juu hakuna aliyelijua hilo. Kuirekebisha programu ilikuwa kazi ndogo: unaiagiza kwamba 00 mpaka 49 ni karne mpya, 50 mpaka 99 ni ile ya zamani. Lakini binti angefanya hivyo tu, tarehe za uongo zingebaki humo ndani, na Januari dawa nzima nzima zingeamriwa zitupwe. Kwa hiyo jioni baada ya jioni walikaa wawili, mzee akisoma kaunta buku, binti akichapa. Katikati ya kazi hiyo ikaja tarehe 14 Oktoba, Mwalimu Nyerere akafariki London, redio zikaomboleza mji mzima. Baada ya maziko wakarudi kwenye kurasa zao. Tarehe mosi Januari iliangukia Jumamosi. Jumatatu tulifungua, ankara ya kwanza ikatoka na mwaka 2000, na wapakuzi hawakujua kama palikuwa na jambo.

Basi, mwanangu, nawe sasa una watu chini yako. Akija mhandisi mpya, vyeti vyake umekwisha kuvisoma ulipomwajiri, usitusomee tena. Mpeleke kwa anayepokea mzigo, kwa anayejibu simu za wateja, kwa mwenye kaunta buku, umwache hapo mpaka jioni. Kompyuta ataikuta kesho yake.