Mjomba Hataki Uza

Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994, telegramu ililipiwa kwa neno. Pale Posta ya Morogoro mjini karani alihesabu kwa ncha ya kalamu, nasi tukizidi kupunguza: "wa" itoke, "na" itoke, salamu zitafuata kwa barua. Mkato nani angeukumbuka?

Karatasi ikishafika Mgeta, haikusomwa na mtu mmoja. Naikumbuka moja kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akiishi mjomba wetu: MJOMBA HATAKI UZA. Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba juu ya shamba ni neno zito. Sasa hili lilikuwa neno gani? Mjomba hataki, uza. Yaani yeye hana haja nalo, endeleeni? Au hataki kuuza, ile "ku" imemezwa kama tunavyoimeza tukizungumza? Ukitia mkato shamba linakwenda, ukiuondoa linabaki. Mwalimu akaitwa, akaisoma mara mbili, akakiri kwamba zote mbili zinasomeka. Mnunuzi alikuwa amekaa barazani na pesa zake. Bibi akasema, "Wajukuu zangu, hii imekosa maneno. Tungoje barua." Barua ikaja: mjomba hakutaka kuuza.

Siku hizi bando lipo, na bado tunaandika kama tunaolipia kila neno. Majuzi dalali wa Kariakoo alimwandikia mpwa wangu wa Nyandira: "kesho usilete kabichi karoti". Limekosekana neno moja. Likiwa "na", vyote vibaki shambani. Likiwa "leta", karoti zipakiwe. Kijana hakuuliza mtu. Aling'oa karoti mpaka giza likaingia, zikashuka na Fuso kwenye ile barabara ya makona. Sokoni akakuta karoti zimejaa hadi njiani. Dalali alikusudia "na". Na simu mpwa wangu alikuwa nayo mfukoni safari nzima, ina chaji, ina salio.

Telegramu siitamani; habari za msiba zilitufikia watu wamekwisha kuzika. Ninaoutamani ni ule wasiwasi wa bibi. Tulijua kuna kilichoachwa, basi tulikitafuta kwanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa ujumbe wa biashara wa namna hiyo, piga simu uulize kabla hujang'oa karoti.