Kofia ya Bill

Wengi humwita Jean Depara mpiga picha wa usiku. Mimi namwita mpiga picha wa mitindo. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, akatengeneza saa na baiskeli kabla kamera haijamlisha. Mwanamuziki Franco akamchukua awe mpiga picha wake, na baa zote zikamfungukia. Alifariki mwaka 1997.

Ninazorudia kila mara ni picha zake za vijana walioitwa Bill, kutokana na Buffalo Bill wa filamu za kauboi: kofia pana, skafu shingoni, miguu imetanuliwa. Filamu ni ya Wamarekani, kofia pia. Lakini kusimama kule ni kwa Kinshasa. Hata neno la mkopo hufanya vivyo hivyo likishavikwa kiambishi chetu.

Sisi wa isimu tunawajua vijana hao kwa Indubili yao, Kilingala kilichochanganywa na Kifaransa na kupinduliwa ili wazee wasielewe. Huku Bukavu jina hilohilo lilishika Kiswahili. Darasani tunachambua mofimu zake kana kwamba waliozisema hawakuwa na mabega wala viatu. Kumbe kijana alivaa lugha hiyo pamoja na kofia, na kwa sababu moja: aonekane.

Nimeweka picha mbili za Depara katika kazi yangu ya kumaliza masomo. Mwalimu anayeniongoza anasema picha si data, nizipeleke kwenye viambatisho. Bado ziko sura ya kwanza, kabla ya jedwali la viambishi.