Hifadhi

Kwa mtu wa Mpanda, neno "hifadhi" lina viboko ndani yake. Ukisema unakwenda hifadhini, anajua unashika njia ya Sitalike, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974, ambako kiangazi viboko hubanana kwenye madimbwi ya mto Katuma kama abiria wa basi la mnadani. Msikitini neno lina kazi nyingine: aliyehifadhi Qurani ameiweka kifuani, hahitaji kufungua msahafu. Kisha zikaja kompyuta, na waliotafsiri programu wakalibandika neno hilohilo kwenye kitufe.

Mimi naishi kwa kutengeneza mitandao. Maana hizi mbili za mwisho nilizikuta zikigombana Kasokola, kwenye ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa tumbaku.

Swichi yao ni kiboksi cha matundu 24. Kompyuta ya mhasibu, printa, seva ya malipo na intaneti ya wageni vyote vinapitia humo. Nilichoitiwa ni kazi ya dakika mbili: kuingia kwenye mipangilio na kuihifadhi. Maana kila umeme ukikatika, swichi iliamka ikiwa haijui lolote, na fundi aliyeifunga alilazimika kuja kuipanga upya. Sasa fundi huyo amehama mkoa na simu yake haipatikani. Mipangilio aliijua yeye, na hakuiandika popote.

Nikaita ukurasa wa kusimamia swichi. Ukazunguka tu, haufunguki. Wakati huohuo printa inatoa hati za malipo kama kawaida, na nje wakulima wamekaa chini ya mwembe wakisubiri majina yao.

"Mwanangu," karani akasema, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, "si uizime na kuiwasha?"

"Mama, tukiizima itasahau."

Ndivyo zilivyo swichi hizi. Mipangilio inayotumika sasa hivi hukaa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Nakala ya kudumu haipo mpaka mtu aagize iandikwe. Swichi ile ilikuwa imehifadhi kwa maana ya msikitini, kifuani tu, na kifua chenyewe kilitegemea waya wa ukutani. Betri ya UPS ilishachoka zamani. Na upande wa mashariki wingu lilikuwa linajikusanya; Mpanda ukiona wingu la namna ile, unachaji simu haraka.

Kwa nini printa ifanye kazi na ukurasa ugome? Kupitisha data kutoka tundu hadi tundu ni kazi ya chipu maalumu, haihitaji kufikiri. Kukujibu wewe fundi ni kazi ya prosesa ndogo, na hiyo ikielemewa, swichi inakuwa kama karani mwenye foleni mlangoni: mkono unagonga mihuri, lakini salamu haitiki.

Nikachomeka waya wa konsoli. Herufi zikaja mojamoja, kama maji ya bomba la mgao. Kuna kitu kilikuwa kinaielemea. Nikaacha kompyuta nikatazama taa. Upande wa wageni, matundu mawili yalikuwa yanawaka na kuzima pamoja, kwa kasi isiyo ya kawaida, na mgeni hakuwepo hata mmoja. Nikafuata waya kwa mkono nyuma ya kabati. Ncha zote mbili zilikuwa kwenye swichi ileile. Nadhani mtu aliona ncha inazagaa sakafuni akaichomeka ili pawe nadhifu. Ujumbe ukawa unatoka huku unaingia kule, unajizaa upya bila kikomo.

Nikachomoa. Konsoli ikaamka. Nikaandika amri ya kuhifadhi, nikasubiri mpaka ikakubali.

"Tayari, mama. Imehifadhi."

"Wapi?"

"Humo ndani."

Akatazama kile kiboksi, kisha akatoa kaunta buku kwenye droo. "Nisomee."

Basi nikasoma, tundu kwa tundu, yeye akiandika kwa wino wa bluu na kupiga mstari kwa rula. Umeme ukakatika tukiwa tundu la 17. Uliporudi, swichi ilijitafakari kama dakika mbili, taa zikatulia, printa ikavuta karatasi na mhasibu akaita jina. Karani hakuinua kichwa.

"La 18," akasema.