Kifuniko

Kwadi mbili za Anko zilifika Naivasha juu ya lori, zikitoka Diani, na siku hiyo hiyo zikaanza kutusumbua. Aliyemuuzia alisema zilikuwa zinapaa mchangani. Kwetu zilikohoa. Ukisukuma mafuta kwa kidole gumba, zinasita, zinatema moshi mweusi, halafu ndio zinatoka, polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Fundi alifungua plagi. Nyeusi tititi, masizi matupu.

"Si ugonjwa," akasema. "Ni hewa."

Diani ni usawa wa bahari. Hapa tuko karibu mita 1,880 juu, na hewa yetu ni kama asilimia 80 tu ya ile ya huko. Kabureta haijui kama imehama. Inaendelea kumwaga petroli ya pwani, injini inashindwa kuichoma yote. Dawa ni kubadilisha jeti, kile kipande kidogo cha shaba kinachopima petroli, uweke cha tundu dogo zaidi. Ingebidi iagizwe Nairobi. Anko akasema tungoje mwisho wa mwezi, maana mkopo wa sacco ulikuwa umeshaanza kukatwa.

Mimi sikungoja. Nilikuwa nimeona video za Wamarekani wakitoa kifuniko cha boksi la ea klina, lile lililo chini ya kiti. Hewa huingilia mdomo mwembamba hapo juu, inapita kwenye filta ya sponji, ndipo ifike kwa kabureta. Ule wembamba hupunguza kelele na kuzuia maji na vumbi. Ukitoa kifuniko, injini inapumua mdomo wazi. Kwa petroli ya kawaida, hewa hiyo ya ziada ingetaka jeti kubwa zaidi. Kwetu petroli ilikuwa imezidi tayari, kwa hivyo niliona ni hesabu safi. Nilianza na moja. Dakika kumi, bila kulipa mtu.

Na wacha niseme ukweli, ilifanya kazi! Sauti ikawa nzito, ya kooni. Nilipanda kilima cha nyuma ya ploti bila kushusha gia, nikashuka nikijiona msee fulani.

"Umeifanyia nini?" Anko akauliza, anacheka.

"Nimeisafisha tu."

Shida ikawa sponji. Inafaa kupakwa oili ya kunata, vumbi linase hapo. Bila kifuniko ilikuwa inajaa kwa siku moja, na vumbi la Naivasha si vumbi la kuchezea. Ni majivu ya volkano, Longonot ile pale inatutazama. Lisugue kati ya vidole uone linavyokwaruza. Basi kila jioni ninaosha sponji, ninapaka oili, mikono inanata mpaka usiku. Siku moja wateja walikuwa wananingoja, nikairudisha kavu. Kwadi ikavuta vizuri kuliko jana. Bila shaka ingevuta, ilikuwa inapitisha kila kitu. Nikaacha kabisa kupaka.

Wiki ya sita moshi ukageuka bluu. Mweusi ni petroli. Bluu ni oili, na hapo injini yenyewe inaliwa.

Anko alimwita Fundi mbele ya wateja. "Uliniwekea oili gani wewe?"

Fundi hakujibu. Alifungua silinda: mikwaruzo juu hadi chini, ringi zimekonda. Kisha akaingiza kidole kwenye mpira ulio nyuma ya filta, upande ambao unafaa kuwa safi daima. Kikatoka na rangi ya udongo. Akanitazama.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Sijui."

Kilikuwa chini ya kitanda changu. Anko akasema halipi pesa ya sevisi iliyopita. Fundi akafuta spana zake moja moja, polepole sana, akazipakia, akaenda. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Usiku nilikipeleka kifuniko mezani, Anko akiwa kwenye daftari lake la hesabu. Alikitazama muda mrefu. Nilingoja aulize kuhusu injini.

"Na Fundi?" akasema.

Asubuhi nilienda kwake kwa miguu, na pesa yake ndani ya bahasha, yangu mwenyewe. Alihesabu yote mbele yangu, noti kwa noti, bila kuniambia niketi. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya oili ya sponji.

"Ukiosha, finya. Usisokote, itapasuka."

Silinda ilichongwa upya, pistoni ikawekwa ya saizi kubwa kidogo, na mapato ya msimu mzima yakaenda hapo. Kifuniko kilirudi mahali pake. Jeti ndogo ikaja kutoka Nairobi, na kwadi sasa inapanda kilima kile bila kelele.

Kila jioni, nikimaliza kupaka oili, Anko huja. Anaingiza kidole nyuma ya filta, anakileta karibu na taa, anakigeuza. Hasemi kitu. Anajifuta, anarudi kwa daftari lake.