Makumira: watu wa meza moja

Nilipotea kidogo, kazi za makundi zilinikaba koo. Leo nimepata nafasi, na nina la moyoni.

Juzi mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza, "Dada, hivi kusoma chuo cha Kilutheri kunambadilisha mtu, au ni jina tu pale getini?" Nikamjibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa nawahi darasani. Hapa ndipo namjibu vizuri.

Chuo hiki hakikuanza kwa ajili yetu walimu. Kilianza 1947 kule Lwandai, Lushoto, kwa ajili ya kufundisha wachungaji, kikahamia hapa Makumira 1954. Hata KKKT yenyewe ilikuwa haijazaliwa, maana makanisa saba yaliungana 1963. Sisi wa ualimu tumekuja nyuma sana. Ila wachungaji watarajiwa bado wapo, na tunakula nao. Anayekupitishia bakuli la maharage leo, kesho anaweza kuwa mchungaji wa usharika huko Konde au Karagwe. Ukishamwona mtu akigombania kipande cha parachichi, huwezi tena kumwogopa akivaa joho, hahaha!

Mimi Katekisimo Ndogo ya Luther niliikariri wakati wa kipaimara, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Nilipasi, nikasahau. Hapa mezani ndipo nilipogundua kuwa kila kipengele mle kinafuatiwa na swali la maana yake. Yaani kitabu cha 1529 kinamtaka mwanafunzi aeleze, sio aimbe tu kama kasuku! Sisi tunaosomea kufundisha tulikesha tukibishana hilo. Kwangu imani ilianza upya hapo, siku niliporuhusiwa kuuliza.

Sasa tusidanganyane. Wapo wanaokwenda ibada ya asubuhi ili waonekane. Na wapo Waislamu na Wakatoliki tunaosoma nao ambao wana nidhamu ya sala kutuzidi. Rumumeti wangu ni Mwislamu wa Tanga, anaamka alfajiri bila kengele. Yeye ndiye anayeniamsha mimi nisichelewe ibada.

Lililonigusa zaidi ni la mwaka jana. Kwenye meza yetu yupo mmoja tunamwita Katibu, mwimbaji wa sauti ya nne, besi nzito kabisa. Baba yake alifariki katikati ya muhula. Tulichanga, hata ambao bumu lilikuwa halijaingia walikopa, na sita kati yetu tukapanda basi mpaka Upareni kuzika. Aliporudi hakuimba tena. Kanisani haji. Wengine wakaanza kumtumia mistari ya Biblia kwenye simu asubuhi na jioni. Kwa maoni yangu ile ilikuwa kelele. Mwanateolojia wa meza yetu alifanya kitu kimoja tu: kila jioni alikwenda kukaa naye nje ya bweni, wakati mwingine bila kusema neno, mpaka giza linaufunika Meru. Nilimuuliza kwa nini hamwombei. Akasema, "Namwombea, ila yeye hana haja ya kunisikia nikiomba."

Katibu hajarudi kwaya. Siku hizi anakuja ibada mara mojamoja, anakaa nyuma karibu na mlango. Sisi hatugeuki kumwangalia. Juzi aliniambia hajui kama anaamini, ila anajua nani atamzika. Nimelifikiria neno hilo wiki nzima.

Ndiyo maana kumaliza kunanitia hofu kidogo. Mwezi wa saba tunatawanyika. Mimi ajira ikitoka naweza kupangwa Katavi, ambako sina hata shangazi. Usharika nitaupata, nyimbo nitazikuta zilezile. Lakini mtu wa kumwambia "leo sijaweza kusali" bila kupewa mahubiri, huyo nitampata wapi?

Tumekubaliana watu wa meza kupigiana simu kila Jumapili saa mbili usiku, kwa zamu. Rumumeti wangu naye kaingizwa kwenye orodha, kwa lazima. Zamu ya kwanza ameiomba Katibu mwenyewe.

Haya, acha niwaage. Kesho asubuhi nina jaribio la Saikolojia ya Elimu na sijagusa hata ukurasa. Niombeeni, kimyakimya lakini!